Mwanafunzi na Mwenye Duka: Historia Fupi ya Mitaa Yetu ya Mashariki ya Nairobi



Kila mwaka kijitabu hiki huonyesha fedha zilizoingia na fedha zilizotoka, na ndani yake halikosi fungu la karo za watoto wetu. Mwaka huu Halmashauri imeona vema kuongeza habari za zamani kidogo, kwa sababu katika Mkutano Mkuu litaletwa shauri ambalo mtu hawezi kulipima vizuri asipojua lilikotoka. Shauri lenyewe ni hili: mwanafunzi anayesaidiwa na chama awe na wajibu gani kwa wale wanaomsaidia? Wako wasemao kwamba msaada ni msaada, na kudai kitu ni kuutia uchungu. Wako na wasemao kwamba tumesomesha kwa miaka mingi, na vibanda vyetu vyazidi kufungwa kama zamani. Wote wana haki ya kusikilizwa, lakini kwanza tuisikilize historia.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua kuizunguka. Mwafrika alitakiwa mjini awe mtumishi, wala hakutazamiwa awe mwenye mali. Hata hivyo, tangu Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wetu walijenga nyumba wakapangisha vyumba, wakauza chai, mboga, kuni na nguo. Majina ya mahali petu yanakumbusha safari za watu hao: Kariokor ni jina lililotokana na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na Burma yatukumbusha nchi ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana katika vita vya pili. Katikati ya miaka ya 1940 Kaloleni ilijengwa, pamoja na ukumbi wake ambamo mambo mengi ya nchi hii yalisemwa kwa mara ya kwanza hadharani.

Lakini biashara hiyo ilifungwa miguu. Tangu miaka ya 1920 sheria ilizuia Mwafrika kukopeshwa mali kwa uhuru: deni lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani ila liwe limekubaliwa na ofisa wa serikali. Kwa hiyo mwenye duka la jumla aliogopa kumkopesha, na mwenye duka dogo akanunua leo anachouza leo. Mtu wa namna hiyo hakuwa na mtaji ila akiba yake, wala hakuwa na ulinzi ila hesabu zake. Hesabu hizo wengi waliziweka kichwani.

Waliosoma waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1947 Bwana Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu huko Maseno, aliiongoza kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, ambayo mtaji wake ulitoka katika hisa za watu wa kawaida. Kampuni hiyo ilijenga Ramogi House mjini Kisumu, na hapa Nairobi ikawa na kiwanda cha kupiga chapa. Tena baada ya vita, Jeanes School ya Kabete iliwafundisha wenye maduka kuandika hesabu. Twayataja mambo haya ili ijulikane kwamba ndoa ya kalamu na mizani si wazo geni lililoletwa juzi. Wazee wetu waliifunga.

Ikaja Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizunguka Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kuondolewa mjini. Maduka yalibaki bila wenyewe, na madeni bila wa kuyalipa. Haifai kuandika historia ya biashara ya mitaa hii bila kutaja kwamba kuna akiba za miaka mingi zilizopotea kwa siku moja.

Katika miaka hiyohiyo alisimama kijana Tom Mboya, aliyesoma hapo Jeanes School kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja. Na mwaka 1957 watu wa Nairobi walimchagua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Aliona kwamba uhuru u karibu, na waliohitimu vyuo vikuu ni wachache mno. Akaenda Marekani kuomba nafasi za masomo na nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Miongoni mwa waliochangisha nauli huko Marekani walikuwamo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Na mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Hadi mwaka 1963 vijana wa Afrika Mashariki waliosafiri kwa mpango huo walikaribia 800. Mmoja wa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Majina hayo makubwa yasitufiche majina madogo. Ndege ililipiwa na wafadhili, lakini karo na fedha za matumizi aghalabu zilitafutwa nyumbani. Jamaa na majirani walifanya karamu za chai. Mwenye ng'ombe akauza ng'ombe, na mwenye meza sokoni akatoa alichouza siku hiyo. Basi elimu ile ilikuwa pia tunda la biashara ndogondogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho kilijazwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma barua walizoandikiwa kutoka ng'ambo.

Waliporudi, wengi waliingia katika ofisi za serikali, vyuo na hospitali. Hatuwalaumu. Nchi changa ilihitaji makatibu, madaktari na walimu, na viti vilikuwa vitupu. Lakini tangu hapo wazazi wengi walifahamu kwamba kusoma ni kuondoka sokoni, na mtoto akafundishwa kuionea haya meza iliyomlipia karo.

Mtu mwingine aliyesoma alikuja kwetu kwa njia nyingine. Mwai Kibaki alihitimu Makerere kwa daraja la kwanza katika elimu ya uchumi, akasoma London, akarudi Makerere kufundisha. Mwaka 1960 aliacha ualimu akaja Nairobi kuitumikia KANU, na mwaka 1963 akachaguliwa mbunge wa Doonholm, katika mitaa hii yetu. Mwaka 1969 akachaguliwa Bahati. Mboya naye aliiwakilisha Nairobi ya Kati. Mwaka 1965 Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alitoa waraka wa serikali namba 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika. Mwaka 1967, Kibaki akiwa Waziri wa Biashara na Viwanda, ilipitishwa sheria ya leseni za biashara, iliyotenga sehemu za miji na aina za bidhaa kwa ajili ya raia. Hivyo mlango uliofungwa na sheria ya kikoloni ulifunguliwa na wasomi waliochaguliwa na watu wa mitaa hii. Mboya aliuawa mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kibaki aliishi hadi kuwa Rais, na katika serikali yake, mwaka 2003, ada za shule za msingi za umma zilifutwa.

Lakini leseni si biashara. Wako waliopewa maduka wakayaendesha vema, na wako walioyapoteza upesi, kwa kuwa hawakuwa na mtaji, au hawakujua kutenga faida na mtaji, au waliwakopesha jamaa bila kuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria yaweza kumpa mtu duka. Haiwezi kumwandikia daftari.

Wakati huohuo, nje ya maduka yenye leseni, mafundi wa Kamukunji na Gikomba walifua mabati, masanduku na majiko chini ya jua kali, wakifukuzwa mara kwa mara kama wahalifu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya Kenya iliyoeleza kwamba kazi hizo ndogo zinazalisha mali na ajira, na zastahili kusaidiwa badala ya kusumbuliwa. Wasomi walilazimika kutoka ofisini, wakahesabu, wakauliza bei, ndipo wakaona kilichokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika habari hizi: elimu ilitufaa kila mara iliporudi sokoni kuuliza, na ilitupita kila mara iliposahau ilikolipiwa.

Wako watakaosema kwamba siku hizi daftari si lazima, kwa kuwa tangu mwaka 2007 M-Pesa yaandika kila shilingi. Ni kweli kwamba simu yaonyesha fedha zilizopita. Lakini haisemi ni ipi faida na ipi mtaji, wala ni ipi karo ya mtoto iliyochotwa katika fedha za kununulia unga wa kesho. Kazi hiyo yataka akili ya mtu, na akili hiyo tumeilipia sisi wenyewe.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta shauri hili mbele yenu. Kila mwanafunzi wa sekondari au chuo anayelipiwa na chama, wakati wa likizo, akae siku chache na mwanachama mmoja mwenye biashara: aandike naye mauzo na matumizi, ahesabu madeni, atengeneze mizania ndogo ya mwezi. Mwenye biashara naye amfundishe asiyofundishwa shuleni: namna ya kununua kwa bei ya jumla, ya kumtambua mdaiwa mwaminifu, na ya kukataa bila kumpoteza mteja. Hatumtaki mtoto aache shahada yake aje kuuza nyanya, wala hatutaki kumrudisha nyuma mtu yeyote. Twataka atakapokaa katika ofisi kubwa ajue meza ndogo hufaulu kwa nini na hufa kwa nini. Na kama Mungu amemjalia moyo wa biashara, asione haya kuifuata.

Wanaosema msaada usidaiwe wana hoja ya heshima, nasi twakubali kwamba fedha zilizotolewa zisirudishwe. Wajibu huu tumeuwaza kwa namna nyingine. Mama aliyetoa kibaba hadai kulipwa. Inatosha mtoto arudi, aketi karibu naye, na kumsomea hesabu yake mwenyewe.

Twawaombea afya njema na baraka, na twawakaribisha nyote katika Mkutano Mkuu mje mkate shauri.

Sisi wenu katika utumishi,
Halmashauri ya Chama