Porsche Ilivyosubiri Miaka 37 Kuufuta Mkosi wa Safari Rally

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo, turudi enzi za mababu. Ukiona Porsche 911 ya zamani mtandaoni unawaza ufukweni, miwani myeusi na mkwanja, si ndiyo? Sasa sikia: gari hilo lilikuja huku kwetu kutafuta kombe, likala matope, likarudi kwao mikono mitupu. Tena siyo mara moja.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili anatawazwa kule Uingereza, na huku wapenda magari wakaanzisha mbio za kusherehekea, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Zikaitwa Coronation Safari, na 1960 zikawa East African Safari. Zilikuwa za Pasaka, yaani masika yenyewe. Barabara hazifungwi: mbele yako lori, ng'ombe, mara twiga, mara daraja limeshasombwa na maji. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Hiyo ndiyo Safari.

Ndiyo maana kampuni kubwa zilileta madereva wa kutoka nje na bado wakaambulia patupu. Mpaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland alipotamba na Ford Escort, kombe lilikuwa halijawahi kwenda kwa dereva mgeni. Wenyeji walijua wapi pa kukanyaga mafuta na wapi pa kuionea gari huruma.

Mmoja wao ni Joginder Singh, fundi wa gereji kutoka Kenya, Kalasinga mwenye kilemba chake, aliyeitwa Simba wa Kenya. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda na Volvo PV544 ya mtumba. Umesikia vizuri, mtumba!

Sasa ikafika 1974. Porsche wakaja na 911, usukani kashika Msweden Björn Waldegård. Jamaa alikuwa anaongoza kabisa, mara gari likavunjika huku nyuma. Nani kapita? Simba yule yule, na Lancer ndogo ya Mitsubishi. Porsche ya pili. Wakarudi 1978, safari hii kombe likabebwa na Peugeot 504, ndugu wa zile zilizokuwa zinabeba abiria mikoani. Porsche ya pili tena! Mpaka leo, 911 haijawahi kushinda Safari yenyewe.

Waldegård yeye hakukata tamaa. Alishinda Safari mara nne akiwa na Ford na Toyota, ila deni la Porsche likabaki. Mwaka 2003, miaka 50 tangu mbio za kwanza, zikaanzishwa mbio za magari ya kale, East African Safari Classic. Na 2011 mzee akiwa na miaka 68, ndani ya Porsche 911, mwanawe Mathias kando yake akimsomea njia, akashinda. Miaka 37 baadaye! Joginder alifariki 2013, Waldegård akamfuata 2014.

Stori tamu, lakini kuna kitu kinauma. Leo kwenye mbio hizo za kale utaona Porsche kibao, nyingi za matajiri wa Ulaya, zimekuja na mafundi wao na maboksi ya spea. Siwalaumu, wao wamezitunza. Sisi je? Volvo ya mtumba iliyoshinda 1965 ilitengenezwa na mikono ya gereji za huku, halafu vijana wengi hata jina la Joginder hatulijui.

Pengine babu yako alisimama kando ya barabara usiku kucha, kajifunika blanketi, akisubiri taa zitokee kilimani. Muulize leo. Kama ana picha kwenye albamu, ipige na simu uihifadhi. Tukingoja wengine watutunzie, siku moja tutalipa kiingilio kwenda kuitazama historia yetu wenyewe.

Haya, nani kwenye familia yenu aliwahi kuishuhudia Safari? Tuambieni.