Free Si Bure

Kama umewahi kupanda gari kutoka Timau kushuka Isiolo, hiyo sauti unaijua. Injini inanguruma, halafu ghafla inanyamaza. Unabaki kusikia upepo na matairi tu. Dereva ameweka free.

Juzi nilikuwa kwa canter ya anko wangu, tumetoka Nanyuki na unga, sukari na mabati ya maduka ya huku kwetu Kipsing. Tulipopita Subuiga akatoa gia, mkono mmoja nje ya dirisha, mdogo mdogo. Nikamuuliza, "Anko, mbona unaiachilia hivyo?" Akacheka. "Kijana, dizeli ni pesa. Hapa mpaka chini hainywi kitu." Isiolo iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na pande za Timau zinapita 2,200, so huo si mteremko wa kuchezea. Tulipofika chini breki zilikuwa zinatoa moshi. Na juu ya mzigo kulikuwa na mama wawili tuliowapa lifti.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite injinia. Lakini ile harufu ya breki ilinitia kwa vitabu kuliko lekchara yeyote. Na nilichogundua ni kwamba anko hakunidanganya. Alirithi.

Free ina historia, na inaanzia kwa kabureta. Wazee wetu waliendesha Peugeot 404 na 504, zile zilizokuwa zinabeba watu safari ndefu kabla ya Nissan za matatu kujaa. Nyingi za petroli zilikuwa na kabureta, na kabureta haina akili. Injini ikivuta hewa, inampa mafuta. Sasa ukishuka mlima na gia ndani, magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, injini inavuta, na mafuta yanaendelea kuingia hata kama mguu hauko kwa accelerator. Ukiweka free, injini inazunguka polepole na inakunywa kidogo. Kwa gari hiyo, hesabu ya mzee ilikuwa na ukweli ndani yake. Akamfundisha turnboy wake, turnboy akawa dereva, akamfundisha mwingine, mpaka ikamfikia anko.

Shida ni kwamba anko anaendesha dizeli.

Kampuni ya Bosch kule Ujerumani ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927. Pampu ya dizeli haingoji kuvutwa kama kabureta. Inapima yenyewe mafuta ya kupeleka, na ina kifaa cha kuangalia spidi ya injini. Ukitoa mguu na gia iko ndani, injini bado inazunguka juu ya ile spidi yake ya kupumzika, pampu inafunga. Mafuta sufuri. Mlima ndio unaizungusha injini. Ukiweka free, magurudumu hayaisaidii tena, kwa hivyo pampu inabidi ipeleke mafuta ili injini isizime. Soma hiyo tena polepole: kwa mteremko mkali, free ndiyo inayokunywa.

Na wewe wa Probox usicheke. Gari za petroli za siku hizi zina injection ya kompyuta, nayo inafanya vilevile. Mguu ukitoka na gia iko ndani, inakata mafuta.

Niseme ukweli wote, kuna mahali free huokoa matone. Mteremko ukiwa mdogo sana, gia inaweza kuivuta gari nyuma mpaka ulazimike kukanyaga tena. Lakini mteremko ambao unakulazimisha kushika breki, kama wa Subuiga, hauna faida yoyote. Unachoma breki ili uokoe mafuta ambayo tayari yalikuwa yamefungwa.

Sasa mafuta yanaokolewa wapi? Kwa spidi, na hiyo pia dunia ilijifunza kwa uchungu. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zilifunga mafuta, na kufikia Januari 1974 pipa lilikuwa limetoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Uingereza ikashusha spidi hadi maili 50 kwa saa, yaani 80 zetu. Marekani ikaweka 55, kama 88 hivi. Hawakuwa wanatania. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa spidi. Ukitoka 80 hadi 110, kazi ya kusukuma upepo kwa kila kilomita inakaribia mara mbili, na canter yenye mzigo mrefu ina uso kama ukuta.

Hiyo 80 si ngeni kwetu. Ndiyo namba ya Michuki. Sheria zake za 2003, zilizoanza kazi Februari 2004, zilifungia matatu spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Zilikuja kuokoa maisha, na makanga walilia sana. Kumbe hiyo namba ilikuwa inalinda tangi pia.

Gia nayo ni rahisi. Kwa lami tambarare, panda gia kubwa mapema, injini izunguke polepole bila kutetemeka. Kwa mchanga wa lugga ya Kipsing, gia ndogo na mguu mtulivu, kwa sababu ukikwama na kuchimba mchanga ndio utamwaga dizeli. Kwa mteremko kuna kanuni ya wazee wenyewe: shuka na gia ambayo ungepandia.

Huku kaskazini hatukuwa na shida hii sana. Isiolo hadi Moyale ilikuwa siku kadhaa za vumbi na mashimo, nani angeweka free? Lami ilikamilika miaka ya 2010, na spidi ikaja nayo. Na lami ya wengine tayari imetufundisha. Uliza mtu yeyote wa Nakuru kuhusu Salgaa. Kwa miaka mingi, lori likikosa breki pale, swali la kwanza lilikuwa kama dereva aliweka free.

Nilimweleza anko haya yote tukinywa chai. Akanyamaza, akasema, "Na wewe umeendesha lori lini?" Sina jibu la hiyo. Lakini wiki hii tulishuka tena Subuiga, na gia ya tatu ilikaa ndani mpaka chini. Hakusema kitu. Mimi pia nikanyamaza, nikasikiliza injini inanguruma. Breki hazikunuka.

Una mzee anayeendesha? Mwonyeshe hii, lakini kwa heshima.