Ngozi ya Usukumani huharibikia uani

Ng'ombe si adimu Shinyanga, na ngozi pia. Kilichoadimika ni kivuli cha kuikaushia.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipokatiza Usukuma mwaka 1858 kulielekea Ziwa Victoria, merikani iliyoletwa na misafara ya pembe za ndovu bado ilikuwa nguo ya wenye uwezo. Wengine walivaa ngozi za mbuzi na ng'ombe. Ngozi iliwambwa, ikakwanguliwa nyama na mafuta, ikapakwa siagi na kufikichwa mpaka ilainike. Ikikakamaa ilirudiwa siagi. Nao Barongo, wahunzi wa misitu ya Geita na Kahama, waliwamba ngozi ya mbuzi kwenye mivukuto ya tanuri za chuma. Ngozi hiyo ikichanika, hewa inapotea na moto unapoa.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngozi za Mwanza zilipata njia ya kwenda Mombasa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza kupitia Shinyanga. Ngozi ikawa shehena, na shehena hailainishwi, inakaushwa tu. Watu wakaipigilia vigingi chini, juani, ikauke upesi.

Hapo ndipo hasara ilipoanzia. Jua kali hukausha uso kwanza na kuufunga, huku unyevu wa ndani ukiozesha nyama ya ngozi. Nyuzi zake nazo zikiungua hugeuka gundi. Ubaya wake ni kwamba kwa macho ngozi hiyo ni nzima: ngumu, kavu, haina harufu. Mnunuzi anaisafirisha ng'ambo, kiwanda kinailoweka kwenye maji na chokaa, ndipo inapomeguka vipande. Siku nyingine mnunuzi huyo atateremsha bei, na aliyekausha vizuri ataumia pamoja na mzembe.

Maofisa mifugo wa Tanganyika ya Waingereza walihimiza banda la nyasi: ngozi inafungwa kwa kamba kwenye fremu ya miti, ikining'inia kivulini, upepo ukipita pande zote mbili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, nalo lilihimiza njia hiyo katika mwongozo wake wa mwaka 1955. Shida ni kwamba banda linataka miti, kamba na subira, na mwenye ngozi moja ya ng'ombe aliyekufa kwa ukame haoni sababu ya kulijenga. Simlaumu sana.

Baada ya uhuru serikali iliendesha viwanda vikubwa Moshi, Morogoro na Mwanza. Vikabinafsishwa miaka ya 1990, vikadorora. Ikaja kodi ya kuuza nje ngozi ghafi. Kodi inaweza kuizuia ngozi bandarini, lakini haiwezi kuziba tundu la kisu cha mchunaji wala kufuta chapa ya moto iliyopigwa ubavuni, mahali penye ngozi nzuri. Hata dawa ya kuivisha ngozi iko karibu: mgunga, mti uliorudi kwenye ngitili, malisho yanayotengwa na Wasukuma, tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, una tanini katika magome na maganda yake.

Ngozi iliyokwisha kuwa kiatu, mkanda au mkoba inaharibiwa na jua lilelile. Kiatu kikilowa masika, watu wa Geita na Kahama hukianika juu ya bati au kukisogeza karibu na jiko, kesho yake kinapasuka kwenye mkunjo. Kifute tope, kijaze magazeti, kiweke kivulini penye hewa. Kikikauka, kipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo. Bukombe ina wafugaji nyuki wengi, nta haiko mbali. Siagi ya mababu iache, maana inachacha na kuita panya. Mkoba usiufungie kwenye mfuko wa nailoni, utaota ukungu.

Na wewe unayechinja wikendi hii, usiitandaze ngozi chini. Iwambe kivulini siku hiyohiyo.