Santuri ama CD: Gani Itakubamba Kwa Keja?

Kama unajipanga kununua sistimu ya keja na mabeshte wanakushow ati santuri ndio mziki wenyewe, shikilia ganji yako kwanza. Cheki hii.

Venye zinafanya kazi
Santuri ina mfereji mrefu wenye umechorwa kutoka pembeni hadi karibu na katikati. Sindano inatingika ikipita, huo mtingiko unageuzwa stima, halafu amplifaya inaikuza. CD, yenye Sony na Philips walitoa 1982, inasomwa na leza: vipimo 44,100 kila sekunde. Hakuna kitu inaiguza, so haichakai ukiicheza.

Kwa vipimo
CD inashinda bila noma. Kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa inabeba karibu desibeli 96. Santuri hucheza kama 60 hadi 70, na vumbi inaongeza mikwaruzo. Tena ngoma za mwisho za kila upande hupoteza makali, juu huko katikati mfereji unapita polepole chini ya sindano.

Sasa mbona wasee wanapenda santuri?
Kwanza, inabadilisha sauti kidogo kwa njia yenye maskio zinapenda. Pili, CD nyingi kuanzia miaka ya 90 zilifinywa ziwe na kelele tu. Death Magnetic ya Metallica ilipotoka 2008, mafans walilia sana, wakasema ngoma hizo hizo zilikuwa safi kwa gemu ya Guitar Hero. Hapo shida si CD, ni msee wa studio.

Ununue gani?
Ganji ni kidogo? Chukua pleya ya CD ya mtumba, chapaa ingine yote weka kwa spika. Hizo ndio hubadilisha sauti zaidi.

Unataka santuri lazima? Tafuta mashine yenye unaweza pima uzito wa sindano, karibu gramu 2. Ikizidi sana inakula mfereji, na hiyo damage hairudi. Hakikisha pia amplifaya iko na tundu ya fono, ama mziki itatoka chini na bila besi.

Lakini kama roho iko kwa benga ya miaka ya 70, santuri ni lazima. Ngoma mob za hiyo enzi hazikuwahi fika kwa CD. Anzia Kenyatta Market, na ubebe subira.