Shaba ya Kilosa na kiwanja cha rafiki yangu

Wadau, mwezi uliopita rafiki yangu niliyesoma naye alinipigia simu usiku. Ana milioni sita za kununulia kiwanja, na kuna jamaa kamletea karatasi zenye picha za rangi: kampuni ndogo ya kigeni inatafuta shaba kati ya Kilosa na Mikumi, hisa zake bei chee. "Wewe si mwandishi? Unaonaje?"

Mimi si mtaalamu wa miamba. Ila historia kidogo naijua, nikamwambia tuanzie barabarani. Yeyote aliyewahi kushuka Mikumi kutafuta chakula ameyaona malori ya mabamba ya shaba yakielekea bandari ya Dar. Shaba ile inatoka Zambia na Kongo. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini, na barabara hii ikabeba mzigo mpaka TAZARA yenye kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Kwa hiyo zile karatasi zikisema njia ya kusafirishia ipo, hazidanganyi. Lakini shaba ya jirani kupita mlangoni kwako haina maana kwamba na wewe unayo chini ya sakafu.

Halafu hata ikiwepo, je? Mpanda ilikuwepo. Wakati wa ukoloni kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi pamoja na shaba kule, mpaka reli ya tawi ikajengwa kutoka Kaliua. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, ikibeba watu na mahindi.

Mfano uliomnyamazisha rafiki yangu ni wa mkoa huu huu wa Morogoro. Kilima cha Wigu, karibu na Kisaki, kilikuwa na madini adimu, yale yanayotumika kwenye sumaku na vifaa vya elektroniki. Kampuni ndogo ya Kanada, Montero, ilikitafiti na kupata leseni ya kushikilia eneo. Mwaka 2017 sheria ya madini ikabadilishwa, na kanuni za Januari 2018 zikafuta leseni zote za aina hiyo. Miamba haikusogea hata inchi. Karatasi ndiyo iliyokufa. Kesi ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2024 serikali ikakubali kuilipa kampuni dola milioni 27. Fedha nyingi, ndiyo, lakini aliyenunua hisa akiota mgodi aliishia kusubiri mawakili kwa miaka. (Na hizo dola ni kodi yangu na yako, lakini hiyo tuiache, nisije nikapandisha presha.)

Sasa kuna jambo ambalo karatasi za rangi hazilisemi. Kampuni ya utafutaji haiuzi chochote. Kuchoronga kunakula fedha, na ikiishiwa inatoa hisa mpya. Wewe hisa zako ni zile zile, ila sehemu yako ya kampuni inapungua kila wanapochoronga. Inaweza kuipata shaba na wewe usipate kitu.

Nikampa maswali mawili tu: leseni ina muda gani uliobaki, na mipaka yake iko wapi? Leseni ya utafutaji huanza na miaka isiyozidi minne, na ukihuisha unarudisha nusu ya eneo. Tena Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964. Pale huendi na mtambo wako wa kuchoronga ukasalimia tembo na kuanza kazi.

Juzi akanitumia ujumbe. Ameiangalia ramani ya leseni mtandaoni: imebaki miezi saba, na upande mmoja umegusana na mpaka wa hifadhi. Milioni sita bado ziko benki. Mwenye kiwanja naye, alipoona kimya kirefu, sasa anataka saba na nusu.