Injini ya Liuli na Magari ya Nguvu za Farasi 1,500

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliingia katika ghuba ya Liuli, mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jabali la Pomonda. Iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa kwenye chelezo kwa matengenezo. Nahodha Rhoades alianza kuipiga mizinga kutoka umbali wa karibu kilomita mbili. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliingia kwenye mashua ndogo akaenda kumfokea. Wawili hao walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja kila walipokutana ziwani, naye alidhani mwenzake amelewa. Hapo ndipo alipoambiwa kuwa nchi zao zimo vitani tangu tarehe 4, na kwamba yeye sasa ni mateka.

Huko Uingereza tukio hilo lilitangazwa kuwa ushindi wa majini, na watu wengi hulisimulia kama kichekesho. Mimi nalisimulia darasani kwa sababu nyingine. Nina wanafunzi ambao wanaweza kutaja bila kusita nguvu ya injini ya kila gari la kasi ya kupindukia lililotengenezwa katika miaka 20 iliyopita. Wanajua kuwa Bugatti Chiron ina silinda 16, turbo nne na nguvu za farasi 1,500, na kwamba Rimac Nevera ya Kroatia, inayotumia umeme mtupu, imepita nguvu za farasi 1,900. Swali wanalonirushia ni lilelile: ni nini hasa kinachoifanya injini iwe ya mstari wa mbele? Jibu langu huanzia Liuli.

Tuanze na injini yenyewe. Wissmann ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi mlango wa Zambezi, ikapandishwa Mto Shire, na penye maporomoko ikabebwa nchi kavu na wapagazi, kisha ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwa kipimo cha Ulaya, muda si mrefu injini ya namna ile ikawa ya jana. Mwaka 1897 Charles Parsons aliwaumbua wakuu wa jeshi la majini la Uingereza kwa kuipitisha mbele yao Turbinia, chombo kidogo kilichosukumwa na tabo ya mvuke, ambacho hakuna meli yao iliyoweza kukifukuza. Mwaka huohuo Rudolf Diesel alionyesha injini iliyofanya kazi kwa kanuni yake. Hata hivyo, katika Ziwa Nyasa hakuna aliyeihitaji tabo ya Parsons. Meli yenye mvuke wa kawaida, ikiwa na kuni za kutosha na fundi anayejua kuziba bomba linalovuja, ilitosha kutawala mwambao kuanzia Mbamba Bay hadi kaskazini ya ziwa.

Kuni ndizo zilizotawala mambo. Meli za mvuke za ziwa hili zilichoma kuni, na kila safari ilitegemea marundo yaliyokatwa na kupangwa ufukweni na wenyeji. Wakati huohuo makaa ya mawe yalikuwa yamelala upande wa ndani, katika bonde la Ngaka, nyuma ya milima ya Umatengo. Leo makaa hayo yanachimbwa Ntunduwaro, wilayani Mbinga, na malori yanayoyabeba hadi bandari ya Mtwara yanajulikana kwa kila anayetumia barabara ya Songea. Nishati bora ilikuwapo, ila barabara ya kuifikisha ziwani haikuwapo, kwa hiyo kwa nahodha wa 1914 makaa hayo yalikuwa kama hayapo.

Halafu kuna watu. Mwaka 1899 kiwanda kimoja cha Glasgow kiliunda meli ya wamisionari wa UMCA, Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilohilo mwaka 1895. Ilikuja ikiwa vipande 3,481. Boila yake, yenye uzito wa tani 11, haikuweza kufunguliwa. Ilifungwa magurudumu ikavutwa kwa kamba na Wangoni wapatao 450 wa upande wa Nyasaland, jamaa wa mbali wa Wangoni wetu wa Songea, umbali wa kilomita zipatazo 100. Mchoraji wa meli anatajwa vitabuni, na kiwanda kinatajwa pia. Wale 450 wamebaki kuwa idadi tu. Nikiwa mwanahistoria, hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza kwa adabu, maana bila mabega yao injini ile ingebaki mzigo wa chuma kando ya Shire.

Sasa nirudi kwenye magari, kwa sababu mafundi wake wanakiri jambo hili waziwazi kuliko wauzaji wake. Bugatti Veyron ilipotoka mwaka 2005 ikiwa na nguvu za farasi 1,001, kuchoma petroli nyingi halikuwa tatizo gumu kuliko mengine. Tatizo lilikuwa joto: sehemu kubwa ya nishati ya petroli haifiki kwenye magurudumu, hugeuka joto linalopaswa kutupwa nje haraka kabla halijayeyusha chombo. Ndiyo maana gari lile liliwekewa rejeta kumi. Tatizo jingine lilikuwa tairi. Kwa kasi yake ya juu kabisa, zaidi ya kilomita 400 kwa saa, tairi zilihesabiwa kudumu kama dakika 15, na tangi la mafuta lilikauka kwa dakika 12 hivi, kwa hiyo, kwa mzaha wa wenye kulijua, mafuta yangeisha kabla tairi hazijapasuka. Katika magari ya umeme shida imehamia kwenye betri: jinsi ya kutoa umeme mwingi kwa mara moja bila seli kupata moto kupita kiasi. Ukitaka kujua gari limefika wapi kiteknolojia, tazama kile kinacholizuia lisiende mbali zaidi.

Wissmann ilizuiwa na nini? Siku ile haikushindwa na injini bora. Gwendolen nayo ilikuwa meli ya mvuke, nayo ilichoma kuni. Tofauti ilikuwa waya. Waingereza walikuwa na telegrafu iliyopanda kutoka kusini kupitia Blantyre na kuufuata mwambao wa magharibi wa ziwa; habari za vita ziliwafikia mapema wakapata nafasi ya kujiandaa. Liuli haikuwa na habari. Meli nzima, pamoja na mizinga na boila yake, ilikuwa juu ya chelezo, na nahodha wake akiwa na amani moyoni, kwa sababu ya nguzo na waya ambazo upande wetu hazikuwapo. Waingereza walirudi Mei 1915 kuiharibu zaidi, na vita vilipokwisha wao wenyewe waliitengeneza, wakaiita King George, ikaendelea kutumika ziwani humo.

Nayasema haya nikiwafikiria wasomaji wangu walio serikalini, hasa wanaoandika nyaraka za zabuni. Maneno "teknolojia ya kisasa" yamejaa katika nyaraka hizo, na mara nyingi yanamaanisha ukubwa wa injini. Meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, na MV Mbeya II ya abiria 200 na mizigo tani 200, ziliundwa Kyela na kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine. Hiyo ni hatua kubwa kuliko inavyosifiwa, kwa kuwa safari hii vipande havikuungwa na wageni. Lakini injini zimetoka ng'ambo, na Mbamba Bay iko mbali na Kyela, bila kutaja umbali wa kiwanda kilichozitengeneza. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imekamilika; kipuri kikifika Songea asubuhi kinaweza kuwa bandarini jioni. Ningependa kuona katika zabuni ijayo kipengele kinachotaja ni mafundi wangapi wa mwambao huu watafundishwa kuifungua injini hiyo na kuifunga, watafundishwa na nani, na vipuri vyake vitahifadhiwa katika ghala gani kati ya Mbamba Bay na Kyela.