Elimu ya ujinsia kwa vijana nchini Tanzania

Elimu ya ujinsia kwa vijana ni mafundisho kuhusu mwili wa binadamu, balehe, uzazi, mahusiano, ridhaa na kinga dhidi ya magonjwa ya zinaa, yanayotolewa kulingana na umri wa anayefundishwa. Nchini Tanzania mafundisho hayo hayana somo lake shuleni. Yamesambazwa ndani ya masomo mengine, na mara nyingi huitwa elimu ya afya ya uzazi.

Jina

Jina lenyewe limezua mabishano. Neno jinsia siku hizi hutumika zaidi kuhusu nafasi ya mwanamke na mwanamume katika jamii, ndiyo maana wataalamu wengi wamechagua ujinsia. Wapinzani husema elimu ya ngono, na mzazi anayesikia hivyo hudhani mwanawe anakwenda kufundishwa tendo lenyewe. Mwongozo wa UNESCO, uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa 2018, unapanga mafundisho kwa makundi ya umri. Mtoto wa miaka 5 hadi 8 hujifunza viungo vya mwili wake na kwamba ana haki ya kukataa kuguswa vibaya. Njia za kuzuia mimba huelezwa kwa kina baadaye, katika ujana.

Jando na unyago

Si kweli kwamba elimu hii ililetwa na wageni. Wazaramo, Wamakonde, Wayao, Wamwera na makabila mengine ya pwani na kusini walikuwa nayo tangu zamani. Wavulana walipelekwa jandoni, wakatahiriwa na kufundishwa. Msichana aliyevunja ungo aliitwa mwali. Alikabidhiwa kwa kungwi au somo, akafundishwa kwa nyimbo, ngoma na mafumbo namna ya kujisitiri wakati wa hedhi, usafi, heshima na maisha ya ndoa. Kwa Wazaramo mwali aliwekwa ndani kwa miezi mingi. Huko Zanzibar mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa unyago kama alivyojulikana kwa taarabu.

Mafundisho hayo yalilenga ndoa iliyokuwa mlangoni. Msichana wa leo huvunja ungo akiwa bado shule ya msingi, na akibahatika ataolewa miaka kumi baadaye au zaidi. Katika baadhi ya maeneo ya Mtwara na Lindi sherehe zimehamishiwa wakati wa likizo, na wanaochezwa mara nyingi ni watoto wadogo, ambao wakitoka huambiwa kwamba sasa ni watu wazima.

Shuleni

Mfumo wa uzazi hufundishwa katika somo la Baiolojia, zaidi kwa michoro. Mwanafunzi anaweza kuchora mirija ya falopio, akaitaja kwa jina sahihi na kupata alama zote, bila kujua kwamba mimba inaweza kutungwa katika tendo la kwanza kabisa. Wala haambiwi kwamba yai hukomaa kabla ya damu kutoka, hivyo msichana anaweza kupata mimba hata kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza. Wako walimu wanaoiruka mada hiyo au kuwaambia wanafunzi wajisomee. Si rahisi kuifundisha mbele ya mtoto wa jirani.

Mimba na sheria

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Katika utafiti wa 2022 waliowahi kupata mimba walikuwa asilimia 22.

Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza kwa kosa la maadili au kwa kuolewa, na shule nyingi ziliwapima wasichana mimba. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani, huko Chalinze, kwamba waliozaa hawatarudi katika shule za serikali. Uamuzi huo ulibadilishwa Novemba 2021, serikali iliporuhusu warudi baada ya kujifungua. Kwa upande wa wanaowapa mimba wanafunzi, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30, lakini kesi nyingi hazifiki mahakamani kwa sababu familia humalizana nyumbani.

Mwaka huohuo wa 2016 Mahakama Kuu, katika kesi ya Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana nayo mwaka 2019.

Mabishano

Desemba 2013 mawaziri wa nchi 20 za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, walikubaliana Cape Town kuimarisha elimu hii. Utekelezaji umekutana na upinzani wa viongozi wa dini na wazazi. Uganda iliisimamisha shuleni mwaka 2016, ikatoa mwongozo wake mpya 2018. Hofu kubwa ni kwamba mafundisho yatawachochea vijana. Tathmini za tafiti zilizokusanywa na UNESCO hazikuona hivyo: hayaharakishi kuanza ngono, na baadhi ya programu ziliwafanya vijana wachelewe kuanza. Programu zinazohimiza kujizuia tu hazikuonesha matokeo hayo. Hata hivyo malalamiko ya wazazi kwamba vitabu huandaliwa bila wao kuulizwa si ya kupuuzwa, kwani neno linalokubalika darasani Dar es Salaam linaweza kuwa tusi kijijini.

Wavulana husahaulika zaidi. Programu nyingi huelekezwa kwa wasichana, wakati mvulana anayeanza kuota ndoto nyevu mara nyingi haambiwi lolote nyumbani wala shuleni, akabaki kujifunza kwa wenzake na kwenye simu.